Kuendesha Gari Ujerumani: Chukua Haki Yako, Mpe Mwenzako Yake

Mtu wa Afrika Mashariki akiambiwa atakodi gari Ujerumani, wazo la kwanza kumjia ni autobahn, ile barabara kuu ambayo sehemu yake kubwa haina ukomo wa mwendo. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa pasipo. Mwaka 2023 ajali za barabarani ziliua watu 2,839 Ujerumani nzima, na katika kila kumi waliokufa ni mmoja hivi tu aliyefia kwenye autobahn. Zaidi ya nusu walifia kwenye barabara za kawaida za mashambani, ambako magari yaendayo na yajayo hupishana bila kizuizi katikati; waliobaki walifia mijini. Anayejiandaa kwa ajili ya kasi ya autobahn peke yake amejiandalia sehemu ndogo ya hatari.

Jambo linalomponza mgeni ni la kimyakimya zaidi. Kwetu, iwe Kariakoo au katikati ya Nairobi, dereva huipata njia kwa mapatano: anapiga honi, anawasha taa, anatoa mkono dirishani, anamtazama mwenzake usoni, kisha mmoja anampisha mwingine. Ujerumani suala la nani atangulie limeshaamuliwa kabla hamjafika kwenye makutano, na kila dereva anakwenda akiamini kwamba wewe unaujua uamuzi huo. Mwongozo huu unashikilia hoja hiyo moja: dereva mwema kule ni yule anayetabirika. Ukiielewa vizuri, sheria ambazo zingekuwa orodha ndefu ya kukariri zitaanza kufuatana zenyewe, na utajua la kufanya hata mahali ambapo hukusoma lolote.

Msingi wa kuaminiana

Mahakama za Ujerumani zina kanuni iitwayo Vertrauensgrundsatz, yaani msingi wa kuaminiana. Inasema kwamba dereva anayefuata sheria ana haki ya kutarajia na wengine waifuate, mpaka aone dalili wazi kwamba hawaifuati. Matokeo yake utayaona siku ya kwanza. Dereva aliye kwenye barabara yenye haki ya kutangulia hapunguzi mwendo kwa sababu pua ya gari lako imechungulia kutoka uchochoroni. Anapita na kilomita zake 50 kwa saa, mguu haugusi breki. Ukilitafsiri hilo kama kiburi utakosea. Anakuamini, na ukimvunjia imani hiyo kwa kujipenyeza taratibu kama tufanyavyo kwenye foleni za nyumbani, hana nafasi ya kukukwepa.

Wapo watakaosema kwamba nidhamu hiyo ni tabia ya Wajerumani, wamezaliwa nayo, na mgeni hawezi kuiga. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1970 Ujerumani Magharibi peke yake ilipoteza watu zaidi ya 19,000 barabarani. Ukomo wa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara za mashambani ulikuja mwaka 1972. Mwaka uliofuata kikawekwa kiwango cha pombe, mwaka 1976 mkanda wa siti ya mbele ukawa wa lazima, lakini faini ya kutoufunga ilisubiri mpaka 1984. Pombe ilibanwa tena mwaka 1998. Magari yaliyo imara zaidi na hospitali bora zilisaidia pia, lakini mtiririko huo unaonyesha kwamba tabia ya leo ilijengwa na sheria, hatua kwa hatua, juu ya madereva waliokuwa wakiuana kwa maelfu. Kilichofundishwa kwa watu wazima mamilioni kinaweza kujifunzwa na mgeni mwenye nia.

Kabla ya kuwasha gari

Anza na karatasi. Mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya nchi yake, lakini leseni ya nje ya Ulaya isiyoandikwa kwa Kijerumani inatakiwa iambatane na tafsiri inayotambulika au leseni ya kimataifa. Itafute hiyo ya kimataifa nyumbani, kabla ya safari. Beba zote mbili, maana ya kimataifa ni tafsiri tu na bila leseni halisi haina thamani. Aliyehamia Ujerumani kuishi ana miezi 6 ya kutumia leseni ya nyumbani. Baada ya hapo, isipokuwa kwa wenye leseni za nchi zilizokubaliana na Ujerumani, anarudi kwenye mtihani wa maandishi na wa barabarani. Kampuni nyingi za kukodi magari hutaka kadi ya benki yenye jina la dereva mwenyewe, na hutoza ziada kwa dereva kijana. Bima ya kufidia watu wengine ni ya lazima na imo kwenye bei. Cha kuuliza ni kiasi utakachobeba mwenyewe gari likiharibika, kwa kuwa hapo ndipo bei nafuu hugeuka kuwa ghali.

Uliza pia mambo matatu yanayotegemea njia yako. La kwanza ni tairi: penye barafu au theluji sheria inataka tairi zenye alama ya mlima na kitone cha theluji, na tangu Oktoba 2024 ile alama ya zamani ya M+S peke yake haitoshi. La pili ni mipaka. Magari madogo hayalipii barabara Ujerumani, ukiacha vipande vichache kama mahandaki ya kulipia ya Lübeck na Rostock, lakini ukivuka kuingia Austria au Uswisi unahitaji kibali cha barabara kuu. La tatu ni watoto: aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 150 lazima akae kwenye kiti chake maalumu, na kukaa mapajani kwa mama, hata kwa safari ya dakika tano, hakuruhusiwi.

Kisha kuna suala la upande. Msomaji wa Bujumbura, Goma, Kigali au Muscat tayari anaendesha kulia. Wa Kenya, Tanzania na Uganda anageuza mwili mzima. Kanuni moja itakuokoa: dereva hukaa upande wa katikati ya barabara. Nyumbani mstari wa katikati uko karibu na bega lako la kulia. Ujerumani uwe karibu na bega la kushoto, na ukiona abiria wako ndiye aliye karibu na mstari huo, umeshapotea. Makosa hutokea zaidi barabara ikiwa tupu kuliko ikiwa na magari ya kukuongoza: alfajiri, ukitoka kituo cha mafuta, au baada ya kukata kushoto mahali pasipo na mtu. Kumbuka vilevile kwamba magari mengi tuliyozoea yanatoka Japani na indiketa yake iko mkono wa kulia. Kwenye gari la Ujerumani iko kushoto, kwa hiyo mgeni hukata kona huku vifuta kioo vikicheza na indiketa ikiwa kimya. Kama hujazoea kubadili gia kwa mkono wa kulia, lipia gari la otomatiki. Akili unayookoa kwenye gia utaihitaji kwenye makutano.

Makutano: uamuzi umeshafanywa

Ukiingia kijiji cha Ujerumani hutakuta tuta, na mara nyingi hutakuta kibao chenye namba 50. Utakuta bango la njano lenye jina la kijiji kwa maandishi meusi. Bango hilo ndilo sheria: kuanzia hapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, mpaka utakapokuta bango kama hilo jina likiwa limepigwa mstari mwekundu. Anayedhani ni pambo la kukaribisha wageni atapita na kilomita 75, na kamera itampiga picha. Kule haliwi suala la askari mwenye tochi kukusimamisha mkazungumza. Kwa viwango vya sasa, kuzidisha kilomita 21 hadi 25 ndani ya mji ni faini ya euro 115, na kuzidisha zaidi ya 30 huongezewa kufungiwa kuendesha kwa mwezi mmoja. Mitaa ya makazi ina kibao cha mraba chenye 30 na neno Zone. Ukomo huo unaendelea kila unapokata kona ndani ya mtaa, hadi kibao cha kuufuta. Na penye kibao cha bluu chenye picha ya mtoto na mpira mbele ya nyumba, unakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Katika mitaa hiyo ya 30 ndipo lilipo shimo kubwa la mgeni. Pasipo na kibao wala taa, anayetoka kulia hutangulia. Haijalishi barabara yako ni pana na yake ni kichochoro, wala gari lako ni kubwa na lake ni kigari cha viti viwili. Tuliozoea kwamba barabara kubwa ndiyo yenye haki tunapita moja kwa moja, na anayetoka kulia anaingia bila kusita kwa sababu sheria imemwambia aingie. Fanya hivi: ukiingia mtaa wa 30, kila uchochoro wa kulia uuchukulie kama una kibao cha kukusimamisha. Anayetoka kwenye geti la nyumba au kuvuka ukingo wa barabara ulioshushwa yeye hana haki hiyo; ndiye anayekusubiri. Na ikitokea magari manne yamefika kwa wakati mmoja kutoka pande zote nne, kanuni inajifunga yenyewe, na hapo pekee madereva wanatakiwa waelewane kwa ishara ya mkono.

Kwenye barabara kubwa tafuta kibao chenye umbo la almasi ya njano. Ukikiona, wewe ndiye mwenye haki katika kila makutano mpaka kifutwe, na hupaswi kusimama kumpisha anayengoja uchochoroni. Ukarimu huo, ambao nyumbani ni sifa, kule huwachanganya walio nyuma yako ambao hawakutegemea breki. Wakati mwingine almasi huwa na mchoro chini yake wenye mstari mnene unaopinda: maana yake barabara yenye haki inakata kona. Ukiifuata kona hiyo washa indiketa, ingawa wewe unajiona uko kwenye barabara ileile. Kwenye mizunguko, magari huzunguka kinyume cha saa na aliye ndani hutangulia penye vibao vya kawaida vya mzunguko. Usiwashe indiketa unapoingia, iwashe unapotoka. Na ukiona kando ya taa nyekundu kibao cheusi chenye mshale wa kijani, utaratibu uliorithiwa kutoka Ujerumani Mashariki, unaweza kukata kulia baada ya kusimama kabisa na kuhakikisha njia iko wazi. Kusimama huko ni amri, hata kama hakuna gari.

Honi nayo ina mipaka. Sheria inairuhusu kuonya hatari, na nje ya miji kutoa taarifa kwamba unataka kupita. Mwanga wa taa ni vivyo hivyo. Kumpigia honi aliyechelewa kuondoka kwenye taa ya kijani, au kumsalimia jamaa, ni kosa. Muhimu zaidi, mwanga wa taa kule hauna maana ya kudumu ya "pita" wala ya "baki hapo, nakuja". Ukikata kushoto kwa sababu gari la mbele limekuwashia taa na mkagongana, sheria itauliza nani alikuwa na haki ya kutangulia, na jibu litakuwa si wewe.

Autobahn

Ukishazoea makutano, autobahn inakuwa rahisi kuliko sifa zake, kwa kuwa haina makutano. Kanuni yake kuu ni kukaa kulia. Leni ya kushoto ni ya kupita tu. Ukimaliza kupita, unarudi. Kupita gari kwa upande wa kulia ni kosa, isipokuwa kwenye foleni inayokwenda taratibu. Hata kwenye autobahn imani ileile inafanya kazi: anayekwenda kasi kushoto amejengea hesabu zake juu ya ukweli kwamba hakuna atakayechomoka bila kutazama. Hesabu yenyewe ni hii. Wewe unakwenda kilomita 110 kwa saa, yeye 200. Tofauti yenu ni mita 25 kila sekunde. Gari unaloliona kwenye kioo kama nukta, mita 250 nyuma yako, litakufikia baada ya sekunde kumi, na kulipita lori refu huchukua muda huohuo au zaidi. Tazama kioo, tazama tena ili uone nukta imekua kiasi gani, geuza shingo, ndipo utoke.

Pasipo na kibao cha ukomo, mwendo unaopendekezwa ni kilomita 130 kwa saa. Kuuzidi si kosa, lakini tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Shirikisho wa mwaka 1992, anayeuzidi akapata ajali anaweza kubebeshwa sehemu ya hasara hata kama mwingine ndiye aliyekosea. Hakuna anayekulazimisha kufika huko; kilomita 110 au 120 leni ya kulia ni mwendo wa heshima. Umbali wa kuacha ni nusu ya namba ya spidi kwa mita: ukiwa 100, mita 50. Nguzo ndogo nyeupe za pembeni zimepandwa kila mita 50, hivyo kipimo unacho barabarani. Unapoingia, tumia leni ya kuongezea mwendo kwa kazi yake, yaani kanyaga mafuta mpaka ulingane na walio ndani, kwa sababu wao ndio wenye haki na anayesimama mwisho wa leni hiyo amejitia mtegoni. Kusimama, kurudi nyuma na kugeuza ni marufuku kabisa, na kuishiwa mafuta huhesabiwa kuwa uzembe wako. Ukikosa njia ya kutokea, nenda hadi inayofuata.

Mambo mawili huwatia aibu wageni wenye adabu. La kwanza ni pale leni moja inapokwisha kwa sababu ya matengenezo. Tuliochoshwa na wanaotanua huhama mapema na kuwanunia wanaoendelea mpaka mwisho. Sheria ya Ujerumani inataka hasa hilo: magari yaende kwenye leni zote hadi pale njia inapobana, kisha yaingiliane moja kwa moja, la kushoto, la kulia, la kushoto. Anayehama mapema anaiacha leni tupu na kurefusha foleni. Bega la barabara, hata hivyo, ni la dharura tu. Kutanua huko ni kosa kama kwetu. La pili ni njia ya uokoaji. Foleni ikipunguza kasi hadi mwendo wa miguu, walio leni ya kushoto kabisa husogea kushoto, wengine wote husogea kulia, ili gari la wagonjwa lipite katikati yao. Hufanywa mapema, kabla ya king'ora kusikika, na asiyefanya hutozwa kuanzia euro 200 na kufungiwa mwezi mzima. Katika foleni iliyosimama hakuna atakayekuelekeza, kwa kuwa kila mtu anaamini unajua.

Gari likiharibika, liweke bega la barabara, washa taa zote nne, vaa fulana ya kuakisi kabla hujashuka, tokeni kwa milango ya kulia na mkasimame nyuma ya kizuizi cha chuma. Pembetatu huwekwa mbali nyuma, ukitembea nyuma ya kizuizi. Mishale midogo juu ya nguzo nyeupe inaonyesha simu ya dharura iliyo karibu. Namba ya uokoaji ni 112, ya polisi 110.

Mahali ambapo imani hukoma

Msingi wa kuaminiana una ukingo wake, na kuujua ukingo huo ni sehemu ya hoja. Sheria inakukataza kuwaamini watoto, wazee na watu wenye udhaifu unaoonekana. Mpira ukidunda barabarani, hesabu kwamba mtoto yuko nyuma yake. Basi la wanafunzi au la abiria likikaribia kituo likiwa limewasha taa nne za tahadhari, usilipite; likishasimama na taa zikiendelea kuwaka, unalipita kwa mwendo wa miguu, na masharti hayo ya mwendo yanawahusu pia wanaotoka upande wa pili. Penye zebra anayetaka kuvuka husimamishiwa magari, na yeye amezoea hivyo, kwa hiyo huingia barabarani bila kukuangalia sana.

Baiskeli zinahitaji aya yake. Katika miji mingi zina njia yao upande wa kulia wa gari lako, na anayekwenda moja kwa moja juu ya baiskeli ana haki mbele yako wewe unayekata kulia. Shingo zetu, zilizozoea kutazama bodaboda kwenye vioo vya pande zote, zinaweza kulifanya hili vizuri, ila sharti zikumbuke upande: kabla ya kukata kulia, geuka utazame nyuma ya bega la kulia. Ukiipita baiskeli acha mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Nafasi isipotosha, ungoje.

Kuegesha, na karatasi kwenye kioo

Gari likizimwa, kanuni bado ziko kazini. Miji kadhaa ina eneo la hewa safi, Umweltzone, la kwanza likiwa limeanzishwa mwaka 2008. Gari lisilo na kibandiko cha kijani kwenye kioo cha mbele hutozwa euro 100. Gari lililokodiwa Ujerumani kwa kawaida linacho, lililotoka nchi jirani huenda halina. Mahali pengi maegesho ni ya bure kwa muda uliowekwa, mradi uonyeshe kisahani cha bluu chenye mshale wa saa nyuma ya kioo. Mshale huwekwa kwenye nusu saa inayofuata: ukifika saa nne na dakika tano asubuhi, yaani 10:05 kwa namba za kisahani, unaweka 10:30. Kurudi baadaye kuusogeza mbele ili ujiongezee muda ni kosa. Kibao cha duara la bluu chenye msalaba mwekundu hakiruhusu kusimama hata kushusha mzigo. Chenye mstari mmoja kinaruhusu dakika tatu, au muda wa kushusha na kupakia.

Ukimkwaruza mtu wakati wa kuegesha, usiandike namba yako ya simu kwenye karatasi ukaibana kwenye kifuta kioo na kuondoka. Kwetu huo ungekuwa uungwana wa kusifiwa. Ujerumani kuondoka namna hiyo ni kutoroka ajali, nalo ni kosa la jinai hata kama mkwaruzo ni wa ukucha. Msubiri mwenye gari kwa muda wa kutosha. Asipotokea, ita polisi na uwangoje. Sababu ni ileile: mwenye gari aliliacha mtaani akiamini kwamba atakayeligusa atasimama ajulikane.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza hutoka kwa dereva mzoefu: aliyeshindana na malori ya usiku kwenye barabara ya Mombasa atashindwa nini na lami ya Ujerumani? Uzoefu huo ni mali halisi. Jicho la kuhisi hatari mapema na utulivu katika msongamano vinafaa popote. Lakini stadi nyingine, ile ya kujitengenezea nafasi isiyokuwepo na kungoja wengine wakupishe, inageuka kuwa hatari mbele ya mtu asiyetarajia. Mzoefu ana jambo la ziada la kufanya ambalo asiye mzoefu hana: kuacha moja ya mazoea yake bora.

La pili husema Wajerumani wenyewe hawafuati sheria, na ni kweli kwa baadhi. Utakutana na anayekuganda nyuma leni ya kushoto huku akiwasha taa. Kukuganda kwake ni kosa, na akizidisha laweza kuwa jinai. Jibu lako ni kumaliza kupita na kurudi kulia bila kufunga breki kumkomoa. Usimwonyeshe kidole wala kumtukana kwa ishara, maana matusi barabarani hushitakiwa mahakamani. Wavunjaji hao hawabatilishi hoja. Mfumo unaowabeba unasimama kwa sababu wengi waliobaki wanatabirika, na mgeni anayejiunga na wachache hao hana uzoefu wao wa kujua lini watanusurika.

La tatu ni la kimya: faini itanikuta wapi, nami nitakuwa nimesharudi Dodoma au Kisumu? Kampuni ya gari hutoa jina lako kwa mamlaka, na nyingi hutoza ada ya kazi hiyo kwenye kadi yako. Polisi akikusimamisha anaweza kudai dhamana ya fedha papo hapo kwa kuwa huna makazi nchini. Kushika simu mkononi ukiendesha ni euro 100. Kwenye pombe kiwango ni 0.5 kwa elfu, sifuri kwa aliye chini ya miaka 21, na hata 0.3 inatosha kukushitaki ukipata ajali. Lakini jibu zito zaidi ni kwamba faini ni sehemu ndogo ya gharama. Mtu aliyekuamini akagongwa hawezi kurudishiwa kwa euro.

Siku ya kwanza

Yote haya yanashauri mpangilio fulani wa safari. Usichukue gari uwanja wa ndege baada ya usiku mzima angani. Lala kwanza, au chukua treni hadi mji mdogo na ukodi huko. Ndani ya Berlin, Munich au Hamburg liache gari, kwani treni na mabasi ya mjini yatakufikisha bila kutafuta maegesho. Gari litumie pale linapolipa, kwenye vijiji vya Bavaria au kando ya mto Mosel. Kama unaweza, anza Jumapili: malori ya zaidi ya tani 7.5 yamezuiwa barabarani tangu saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo hadi saa nne usiku, na leni ya kulia inakuwa na nafasi ya mwanafunzi. Tumia saa ya kwanza kwenye mtaa wa 30, si kwenye autobahn. Pita makutano kumi ukitazama kulia kila mara, mwache mwenye haki apite, na zamu yako ikifika, ondoka bila kusita. Hilo la mwisho lina uzito sawa na la kwanza, kwa kuwa dereva anayeitoa haki ya wengine lakini anasitasita kwenye yake bado hajatabirika. Ukiweza yote mawili, barabara kuu iliyokutisha nyumbani itakuwa sehemu rahisi ya safari.